UKURASA WA UFUNDI: Je, injini yaweza kuishi bila filta?

Mwezi huu tunajibu swali ambalo vijana wanaojifunza umakanika na wenye mashine za kusaga wanatuuliza kila mara: "Magari ya zamani yalitembea bila filta ya oili. Sisi tupoteze pesa ya nini?"

Ni kweli, yalitembea. Ford T, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, haikuwa na filta wala pampu ya oili. Gurudumu zito la nyuma ya injini lilirusha oili juu, bomba dogo likaipeleka mbele, kisha ikarudi yenyewe kwa mteremko huku vyuma vinavyozunguka vikiichota. Uchafu ulibaki humo humo. Dawa ilikuwa moja tu: kumwaga oili mara kwa mara na kutia mpya. Asiyefanya hivyo aliua beringi zake mapema.

Mwaka 1923 Mmarekani Ernest Sweetland alibuni filta iliyoitwa Purolator, na mwaka 1924 gari la Chrysler likatoka kiwandani likiwa na filta. Lakini filta za aina ile zilichuja sehemu tu ya oili kwa wakati mmoja. Nyingine ilikwenda kwenye beringi na uchafu wake, ikingoja zamu yake.

Volkswagen ile ya mgongo wa kobe nayo, kwa miaka mingi, ilikuwa na wavu wa chuma tu chini ya injini. Wavu huzuia takataka kubwa, vumbi laini linapita. Kwa hiyo nayo ilidai oili mpya mapema.

Filta za karatasi za siku hizi hupokea oili yote kutoka kwenye pampu kabla haijafika kwenye beringi. Nyingi zina valvu ndogo: filta ikiziba, valvu inafunguka ili injini isikose oili. Injini haizimi, wala haipigi kelele, kumbe inakunywa oili chafu! Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Filta wanayo, lakini wamerudi kwenye Ford T, tena bila kumwaga oili kama wenye Ford T walivyofanya.

Basi jibu letu ni hili. Wazee wale hawakuokoa pesa. Walilipa kwa oili na kwa beringi. Injini iliyoundwa na filta, usiiondolee. Wavu unaoshwa, karatasi inabadilishwa: ukiiosha kwa dizeli na kuirudisha, unajidanganya. Kila ukibadilisha oili, badilisha na filta, na uandike tarehe kwa chaki ukutani. Mashine ya kusaga ikifa, mwenye mashine analia peke yake siku moja. Siku ya pili tunalia wote, mahindi yamo kwenye gunia na watoto hawana ugali.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.