Jezi Tunapewa, Kocha Je?

Watu wangu wa Kitale na Bungoma, leo tuambiane ukweli. Timu yetu ikishinda, tunasema ni damu, ati watoto wa huku wamelelewa na ugali wa Trans Nzoia. Ikipigwa, tunamfukuza kocha. Kwani yeye ni wa lawama tu?

Angalia hoki. Kijijini kwenu umewahi kuona mtoto akicheza na gongo? Wengi hulishika mara ya kwanza wakifika sekondari. Lakini Friends School Kamusinga kule Kimilili na St. Anthony's Boys hapa Kitale ni majina ya kuogopwa kwenye hoki ya shule nchini. Na kila mwaka Kidato cha Nne wanaenda zao! Wachezaji wanabadilika, timu inabaki kali. Kinachobaki ni nini, kama si mwalimu mwenye filimbi anayejua kazi yake?

Hata kule Iten ni hivyo. Brother Colm O'Connell alikuja kutoka Ayalandi 1976 kufundisha jiografia St. Patrick's. Hakuwa mwanariadha. Alitazama, akauliza, akajifunza. Kijana wake David Rudisha akaja kukimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London 2012, rekodi ya dunia.

Sasa njoo kwa tunamenti zetu za Desemba. Mheshimiwa analeta jezi, mipira na fahali wa mshindi. Kocha anapewa nini? Hata nauli anajilipia.

Kocha wangu wa kwanza alikuwa mtu wa boda. Saa kumi jioni anazima pikipiki, anatufanyisha mazoezi, halafu anarudi steji kutafuta abiria. Siku niliumia goti, alinikanda na maji moto, na kesho yake nikacheza. Hilo goti linanisumbua hadi leo. Simlaumu. Alitupa kila kitu alichojua, na yeye hakuna mtu aliwahi kumfunza.

Pendekezo langu ni dogo: kila tunamenti itenge pesa za kupeleka kocha wa kila timu kozi ya ukocha na huduma ya kwanza. Jezi zitapauka kabla ya Pasaka. Kocha aliyefunzwa atalea vijana miaka ishirini.

Kwa hivyo mwanasiasa akija na mpira mkononi, pokea, sema asante, halafu umuulize: na kocha je?