Viti Vitatu vya Ugomvi



Leo twapenda kusema neno juu ya magomvi yetu sisi kwa sisi. Mwaka 1968 daktari mmoja wa maradhi ya akili huko Marekani, Stephen Karpman, aliandika kuwa watu wagombanapo hukalia viti vitatu: cha Mwonevu, cha Mwonewa na cha Mwokozi. Tena hapana akaaye kiti kimoja siku zote, hubadilishana. Sisi watu wa reli twavijua viti hivyo, katika karakana na katika landhi.

Tazameni. Fundi aona nyapara anampunja saa za ovataimu. Hamwendei nyapara; apeleka kilio kwa rafiki yake. Rafiki apanda hasira, aenda kumfokea nyapara mbele ya watu. Sasa nyapara ndiye mwonewa, naye apeleka mashtaka juu. Rafiki aitwa ofisini, na fundi asema, "Mimi sikumtuma." Aliyekuwa mwokozi amekuwa mwonewa, na kesho atamgeukia fundi kwa uonevu. Na ovataimu je? Haijagawanywa bado kwa haki.

Pengine mtauliza: tusimtetee ndugu yetu? La, mteteeni! Uonevu upo kweli, na chama kiliundwa kwa ajili hiyo. Lakini kutetea si kumnyang'anya mtu kinywa chake. Mjumbe wa chama aulize kwanza: Limetendeka jambo gani, na siku gani? Wataka lifanywe nini? Umekwisha kumwambia mwenyewe? Kisha waende pamoja, mwenye shauri aseme, mjumbe asimame naye, na nyapara pia asikizwe.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1965 miungano miwili ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya, KFL na KAWC, iligombana mpaka watu wakauawa Mombasa. Serikali ikaifuta yote miwili, ikaanzishwa COTU, na Rais akapewa uwezo wa kumteua Katibu Mkuu wake. Wenye nyumba wasipomaliza ugomvi wao, hutokea mwokozi wa nje, naye huondoka na ufunguo.

Basi ndugu, kila mwenye neno na mwenziwe amwendee mwenyewe kwanza, kabla ya mkutano ujao. Likishindikana, lileteni kwa mjumbe, lakini njoni wote wawili.

Umoja ni nguvu.