Mambo ya Nyumbani: Jogoo wa Mbegu

Hapa Ndama twaona kosa nyumbani mwa wengi wetu: jogoo mwenye manyoya mazuri huuzwa sikukuu, na dhaifu huachwa awe baba wa vifaranga. Kisha twashangaa!

Rangi hurithiwa kwa baba na mama. Chakula hakimgeuzi mweusi kuwa mwekundu. Lakini mng'ao wa manyoya wataka chakula cha kujenga mwili: wapeni kumbikumbi, dagaa na majani mabichi, hasa wanaponyonyoka manyoya. Wawekeeni majivu makavu waoge, wapungukiwe na chawa. Tena jogoo asipande binti zake. Badilishaneni na jirani.

Katika Mwanzo 30 Yakobo alijipatia wanyama wenye nguvu. Basi sikukuu ijayo mchinjeni dhaifu, mzuri abaki.