Kunoa Kisu ni Kazi, Nayo Ilipwe



Katika mikutano yetu ya tawi tunazungumza mshahara, likizo na viatu vya mpira. Hayo ni haki yetu, wala sisemi yaachwe. Lakini sijasikia hata siku moja ajenda yenye neno "kisu", ingawa sisi watu wa machinjio, mabucha na majiko ya hoteli hapa Mbarara tunashika kisu tangu asubuhi mpaka jioni. Leo naomba nafasi katika ukurasa huu wa Kiswahili niseme habari ya makali ya kisu, nani anayatengeneza, kwa saa za nani, na kwa fedha ya nani.

Nitaanza na kidole changu. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakikunji tena. Nilikuwa natoa mfupa wa bega la ng'ombe wa Ankole, kisu kikawa butu, nikaongeza nguvu, kikateleza juu ya gegedu na kuingia mkononi. Mshipa ulikatika. Mwajiri aliyekuwa akinilipa wakati ule alinijibu kwamba kisu ni changu, uzembe ni wangu, na siku nilizolala nyumbani hazikuandikwa. Wakati ule sikuwa naijua Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, wala hakuna aliyeniambia. Wenzangu wengi wana alama za namna hiyo, na mkituuliza tutawaambia jambo moja: kisu kikali hakijatukata mara nyingi kama kisu butu. Kikali kinakwenda unakokituma. Butu kinataka usukume, na ukisukuma hujui kitasimama wapi.

Wala haya si maneno ya wachinjaji tu. Mwaka 2003 jarida la Applied Ergonomics lilichapisha kazi ya watafiti wa Marekani waliopima nguvu ya mkono katika kukata nyama. Waligundua kuwa visu vikali zaidi vilipunguza nguvu ya kukatia, nguvu ya kushikilia mpini, na hata muda wa kazi. Maana yake, kisu butu kinamchosha mfanyakazi na vilevile kinamchelewesha mwajiri. Tajiri anayekataa kulipia kinoo anajipunja mwenyewe, lakini maumivu ya kifundo cha mkono anatuachia sisi.

Sasa hapa kwetu visu vinanolewaje? Wengi tunasugua kwenye jiwe lolote, hata kwenye ukingo wa saruji. Wengine wanapeleka kwa kijana mwenye mashine ya kusaga vyuma. Simlaumu kijana yule, naye anatafuta chakula, lakini mashine ile inazunguka kwa kasi na inatoa moto. Mkiona makali yamegeuka rangi ya samawati, jueni chuma kimepata joto la karibu digrii 300 na ugumu wake umekwisha mahali pale. Utakinoa asubuhi, na kabla ya saa nne kimelala tena. Kila mwezi kisu kinazidi kuwa chembamba, mpaka kinabaki kama njiti, nawe unakwenda dukani kununua kingine kwa fedha yako.

Wazee wa kazi watasema: mkono wa fundi hauhitaji kipimo. Nakubali kwamba wapo. Nimefanya kazi na mzee mmoja ambaye alikuwa akinoa huku anazungumza, haangalii hata jiwe, na kisu chake kilikuwa kinanyoa nywele za mkono. Lakini mkono ule aliutengeneza kwa miaka 30, na alipoondoka aliondoka nao. Kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita afanye nini?

Jibu niliambiwa na kibarua mwenzetu anayeishi Nakivale, ambaye huja mjini kazi zinapozidi. Kisu chake hakikuwahi kulala, tukadhani ana dawa. Akacheka, akasema yuko fundi mmoja huko Base Camp, mtu wa Bukavu, aliyetengeneza kifaa. Siku ya mapumziko nikapanda taksi mpaka Isingiro, nikamalizia kwa bodaboda.

Nakivale ni mahali pa zamani, pamepokea wakimbizi tangu miaka ya 1950 ya mwisho, na watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia wanakutana sokoni kwa Kiswahili kuliko lugha nyingine. Nilimkuta fundi huyo kwenye kibanda cha mabati, visu vimepangwa mezani kwa ukubwa. Alinikaribisha, akachukua kisu changu, akakitazama dhidi ya mwanga, akasema: "Ndugu yangu, hapa hakuna uchawi. Iko pembe tu. Wewe leo unanoa digrii 18, kesho 27, kesho kutwa haujui. Kisu hakijui kimfuate nani."

Zamani alikuwa na kifaa kidogo cha kununua, wengine wenu mmekiona. Kina vibao viwili vinavyobana mgongo wa kisu, na nyuma yake kuna bati lenye matundu manne. Jiwe limefungwa kwenye kijiti cha chuma, kijiti kinapita katika tundu, na kila tundu lina pembe yake: 17, 20, 25, 30. Mkono hauna tena kazi ya kukisia. Ni kifaa kizuri, lakini kina kasoro mbili, na hapa naomba tuvumiliane, maana ndipo palipo kiini cha jambo.

Kasoro ya kwanza ni kwamba kati ya tundu na tundu hakuna kitu. Kisu kikitaka digrii 22, kifaa hakina 22. Ya pili ndiyo mbaya zaidi. Namba iliyoandikwa kwenye tundu ni kweli kwa kisu cha upana mmoja tu. Katika kifaa kile, kutoka tundu mpaka makali ni kama sentimita 10. Kisu chetu kinaliwa na jiwe mwaka mzima, kinapungua upana, na makali yanasogea karibu na tundu. Yakisogea sentimita 1, tundu la digrii 20 linatoa digrii 22. Kwa hiyo unadhani unanoa pembe ileile kumbe kila mwezi unatengeneza pembe mpya, na kutengeneza pembe mpya ni kula chuma bure.

Fundi akaunda cha kwake. Kitako ni ubao mzito. Mbele ameweka vipande viwili vya chuma bapa vya kubana kisu kwa boliti mbili. Nyuma, sentimita 25 kutoka makali, amesimamisha boliti ndefu ya milimita 8 yenye nyuzi tangu chini mpaka juu. Juu yake inapanda na kushuka nati, na nati inabeba kiungo kidogo chenye gololi alichokitoa katika pikipiki mbovu, ambamo kijiti cha jiwe kinapita bila kucheza. Hakuna tundu. Ukitaka pembe kubwa unazungusha nati kupanda, ukitaka ndogo unaishusha.

Kilichonifurahisha ni hesabu yake. Kwa umbali ule wa sentimita 25, kiungo kikiwa sentimita 6.7 juu ya usawa wa kisu, pembe ni digrii 15. Kikiwa sentimita 9.1 ni digrii 20. Kikiwa 11.7 ni digrii 25. Nyuzi za boliti ya kawaida ya milimita 8 zinapanda milimita 1.25 kwa kila mzunguko. Piga hesabu mwenyewe: mzunguko mmoja wa nati ni karibu robo ya digrii! Kifaa cha dukani kinaruka digrii 3 mpaka 5 kwa hatua moja, na hiki cha boliti ya pikipiki na ubao kinakwenda kwa robo. Na kwa kuwa umbali ni mrefu, kisu kikipungua upana kosa linakuwa dogo, na hilo dogo nalo unalirekebisha kwa nati.

Kupima hatumii chombo cha ghali. Analaza simu yake juu ya kijiti, na kile kipimo cha mwinamo kilichomo kwenye simu kinamwambia digrii. Asiye na simu ya namna hiyo atatumia kipima pembe cha mtoto wa shule. Kisha anapaka wino wa kalamu nene kwenye makali, anapitisha jiwe mara mbili, anatazama. Wino ukifutika juu tu, karibu na mgongo, pembe ni ndogo mno. Ukifutika kwenye ncha ya makali tu, ni kubwa mno. Ukifutika wote, hapo ndipo kisu kilipozaliwa, anasema, na anaandika namba hiyo kwenye daftari pamoja na jina la mwenye kisu. Mawe yake yote ameyagandisha juu ya vibati ili yawe na unene mmoja, maana jiwe likizidi unene nalo linabadilisha pembe. Kisu kirefu anakibana mara mbili, kwa kuwa ncha ikiwa mbali na mbano pembe inalegea. Kwa kisu cha kutolea mifupa cha inchi 6 mbano mmoja unatosha.

Changu alikipa digrii 20 kila upande, panga la kukatia mifupa digrii 28. Nilirudi mjini na kisu kile kikafanya kazi siku tatu kwa kupitishwa tu kwenye chuma cha kunolea. Awali nilikuwa nakinoa kila siku.

Sasa nirudi kwenye chama, maana sikuandika haya ili kila mtu akajinunulie boliti. Mimi nilikuwa naamka kabla ya alfajiri nikanoe visu vyangu nusu saa nyumbani. Nusu saa kwa siku sita ni saa tatu kwa wiki. Kwa wiki 50 ni saa 150. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, unapata siku karibu 19 kwa mwaka nilizomfanyia mwajiri bila senti moja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka kikomo cha saa 48 kwa wiki, lakini saa zangu za jiwe hazimo katika kitabu chochote. Na kwa sisi tunaolipwa kwa kipande ni dhuluma juu ya dhuluma, maana ukinoa kazini unapoteza vipande, na usiponoa unapoteza kidole.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2006, inamtwika mwajiri mzigo wa kuhakikisha vifaa vya kazi ni salama kadiri inavyowezekana. Mkataba namba 155 wa ILO wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 ILO iliuingiza mkataba huo katika mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuheshimu misingi yake hata kama haijauridhia. Basi jiwe la kunolea ni nini, kama si usalama? Kinga ya mkono ya waya wanatupa, wakibanwa. Kifaa kinachopunguza hatari ya kisu kuteleza wanasema ni mali binafsi ya mfanyakazi.

Kuna jambo jingine litakalowaudhi baadhi ya ndugu zangu, nalo nitalisema. Vibarua kutoka Nakivale tunawaita "wageni" na hatuwaandikishi. Tunasema wanashusha malipo. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi, na Katiba ya 1995, ibara ya 40, inapotaja haki ya kujiunga na chama inasema kila mfanyakazi, haisemi kila raia. Malipo yanashuka kwa sababu wako nje ya chama. Na tazameni: fundi aliyetatua shida iliyotusumbua miaka yote ametoka kwao, wala hakuna mtu kutoka tawi letu aliyewahi kumfuata kumuuliza neno.

Kwa hiyo naleta hoja katika mkutano ujao wa tawi. Katika mkataba wa pamoja tudai kifungu cha visu: mwajiri anunue visu, mawe, na kifaa chenye pembe inayorekebishika kwa kila kundi la wafanyakazi 10, dakika 30 za kunoa zihesabiwe ndani ya saa za kazi, na kwa walio kwenye kipande zilipwe kwa wastani wa siku, pembe ya kila kisu iandikwe daftarini ili anayepokea zamu asianze upya. Kama waajiri watakataa kifaa, basi tawi litenge fedha kutoka michango, fundi wa Base Camp alipwe kwa heshima atutengenezee viwili na kufundisha vijana wetu, na gharama hiyo tuidai mbele ya afisa wa kazi. Hoja ya kuandikisha vibarua nitaileta siku hiyohiyo, wala sitakubali itenganishwe na hii.

Mpaka siku hiyo, cha kwangu kiko kwenye duka la vyakula la jirani yangu, nyuma ya magunia ya maharage. Nitakuwapo Jumapili baada ya saa tisa. Anayetaka kukiona aje na kisu chake, na aje na kalamu ya wino, ya kwangu imekauka.