Kamera Husema Bila Maneno

Aliyepiga picha za sinema husema nasi muda wote, wala hatutambui.

Chukueni mfano wa sinema ya Mtakatifu Yoana wa Arc, yule binti aliyechomwa moto mjini Rouen mwaka 1431. Carl Theodor Dreyer, mtu wa Denmark, aliitengeneza huko Ufaransa, ikatolewa mwaka 1928. Haina sauti. Lakini kamera imesogezwa karibu mno, hata uso wa Yoana wajaza kitambaa chote. Wachezaji hawakupakwa poda wala rangi, hivyo kila chozi na kila kunyanzi laonekana. Mahakimu wamepigwa picha kutoka chini, nao waonekana wakubwa na wa kutisha, kama mtoto amwonavyo mtu mzima aliyekasirika. Hakuna aliyetuambia, “Mhurumieni.” Kamera ndiyo iliyotuambia.

Hapo ufundi ulimtetea asiye na kosa. Lakini ufundi uo huo waweza kumpamba mwizi hata tukampenda. Basi, wazazi, sinema ikiisha waulizeni watoto: “Ulimhurumia nani? Kamera ilisimama wapi?” Ajuaye kamera iliposimama hadanganyiki upesi.