Aliyepona si Ushahidi: Kikombe cha Samunge na Dripu ya Wodini

Mapema mwaka 2011, njia ziendazo Loliondo kutoka Arusha zilifurika magari. Wagonjwa kutoka pande zote za nchi na nchi jirani walikwenda kijiji cha Samunge, ambako mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu, alitoa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Ilisemekana kuwa kikombe hicho kinatibu kisukari, shinikizo la damu, pumu, saratani, hata UKIMWI. Kuanzia miteremko ya Mlima Meru huko Nkoaranga hadi mwambao wa Dar es Salaam, habari ilikuwa moja: fulani amekunywa, naye amepona.

Wataalamu wengi wa tiba walitikisa kichwa. Hata hivyo, katika miezi hiyohiyo, utafiti uliofanyika katika hospitali za Afrika Mashariki ulikuwa ukionesha kwamba wataalamu wenyewe walikuwa wamenaswa na mtego uleule.

Mtego huo ni kumtazama aliyepona na kusema, "Dawa imefanya kazi." Kauli hiyo inasahau mambo matatu. Kwanza, maradhi mengi hupanda na kushuka. Sukari ya damu na shinikizo la damu havikai mahali pamoja, na mgonjwa hufunga safari siku anapojisikia vibaya zaidi. Baada ya siku hiyo, yamkini atapata nafuu kidogo hata asipokunywa kitu. Pili, anayetoa ushuhuda ni yule aliye hai na mwenye furaha. Aliyefia njiani au nyumbani harudi kusimulia. Tatu, hakuna ajuaye wale waliokunywa wangekuwaje kama wasingekunywa. Makosa haya hayakuwa ya maneno matupu, kwa maana wapo waliotoka Samunge wakaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini kwamba wameshapona.

Sasa na tuingie wodini. Kwa miaka mingi, mtoto aliyeletwa na homa kali, mikono na miguu ikiwa ya baridi na mapigo ya moyo yakienda mbio, alionekana kuhitaji maji mengi ya mshipa, tena kwa haraka. Vitabu vilifundisha hivyo na miongozo ilielekeza hivyo. Muuguzi alifungua dripu, mtoto akafumbua macho, mama akashukuru. Nani angeshuku?

Utafiti uitwao FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland, ulithubutu kuuliza. Ulifanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa haraka maji yenye protini ya albumini, la pili maji ya chumvi, na la tatu halikuongezewa maji hayo ya haraka. Watoto wa kundi la tatu hawakutelekezwa. Kama wenzao, walipata dawa za kuua vijidudu, dawa za malaria, oksijeni na maji ya kawaida ya kuwatosha.

Wengi walitarajia kundi la tatu lifanye vibaya, lakini mambo yakawa kinyume. Ndani ya saa 48, walifariki watoto 10.6 katika kila 100 waliopewa albumini, 10.5 katika kila 100 waliopewa maji ya chumvi, na 7.3 tu katika kila 100 ambao hawakuongezewa maji hayo. Utafiti ulisimamishwa Januari 2011, kabla ya kufikia idadi ya watoto 3,600 iliyokusudiwa.

Hapa ndipo takwimu zinapostahili heshima. Tofauti hiyo ni kama ya watoto watatu katika kila mia. Tuseme hospitali ndogo inapokea watoto 40 wa aina hiyo, nusu wakapewa maji ya haraka na nusu wasipewe. Vifo vinavyotarajiwa ni kama viwili upande mmoja na kimoja au viwili upande wa pili. Hakuna jicho la daktari, hata awe na miaka 30 kazini, litakaloiona tofauti hiyo. Wala si ajabu. Karibu watoto 90 katika kila 100 waliopewa maji hayo walivuka zile saa 48, na kila aliyevuka alionekana kuwa shahidi wa dripu. Uzoefu haukusema uongo kwamba watoto walipona. Uliloshindwa kusema ni wangapi wangepona bila maji hayo.

Je, huenda tofauti hiyo ilitokana na bahati tu? Swali hili ndilo moyo wa upimaji wa nadharia tete. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkazi wa Nkoaranga anajua kuwa mara nyingi Meru hujifunika mawingu na mvua isinyeshe. Mtafiti huanza kwa kudhani kwamba hakuna tofauti yoyote kati ya matibabu, kisha hujiuliza: ikiwa dhana hiyo ni kweli, bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama hii mara ngapi?

Sarafu inaweza kufafanua. Ikirushwa mara 10, upande wa picha unaweza kutokea mara 8 au zaidi kwa bahati tu. Jambo hilo hutokea kama mara 5 katika kila majaribio 100. Ikirushwa mara 100, kupata picha mara 80 au zaidi kwa bahati tu hakufikii mara moja katika majaribio bilioni moja. Uwiano ni uleule, lakini uzito wa ushahidi si uleule, kwa sababu idadi imeongezeka. Katika FEAST, uwezekano wa bahati kuleta tofauti kubwa kiasi kile ulikuwa 0.003, yaani mara 3 katika 1,000. Ndiyo maana dhana ya kutokuwapo tofauti iliwekwa kando.

Namba hiyo nayo isipewe isichosema. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 99.7 kuwa watafiti wako sahihi, wala haisemi ukubwa wa madhara. Pia haivuki mipaka ya watoto waliochunguzwa. Utafiti ule haukuwahusu watoto wanaoharisha na kupungukiwa maji wala wenye utapiamlo mkali. Mzazi asije akamnyima mtoto anayeharisha maji ya chumvichumvi kwa kusingizia FEAST. Na mtafiti anayepima mambo 20 kwa kipimo cha mara 5 katika 100 asishangilie moja likijitokeza, kwani bahati peke yake humtarajia moja.

Jambo linalobaki ni imani ya mgonjwa. Mzazi akiambiwa kuwa mwanawe ataingizwa katika utafiti kwa kura, moyo humwenda mbio. Huona mwanawe anachezewa kamari, na kwamba atakayeangukia upande wa "kutoongezewa" amedhulumiwa. FEAST inatoa jibu: walioonekana kunyimwa ndio waliosalimika zaidi. Kura hupigwa kwa sababu hakuna ajuaye upande ulio bora, na ndiyo njia ya kuhakikisha kwamba makundi yanafanana, asipendelewe mtu. Kamari halisi ni kumpa kila mtoto tiba ambayo haijawahi kulinganishwa na kitu.

Mhudumu wa afya ana wajibu wa kulieleza hilo kwa lugha inayoeleweka, bila haraka wala kiburi, na kuheshimu jibu la mzazi, liwe ndiyo au hapana. Mgonjwa naye ana haki ya kumuuliza mganga wa mizizi na daktari bingwa swali lilelile: wale ambao hawakupewa dawa hii waliendeleaje, na walikuwa wangapi? Asiye na jibu, awe ameshika kikombe au dripu, bado hajathibitisha kitu.