Programu za Simu: Kanga au Gauni?

Kijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale anapoaga kwamba anakwenda Mbarara kujifunza kutengeneza programu za simu, wazee wake aghalabu huuliza mambo mawili: karo ni kiasi gani, na mafunzo ni ya miezi mingapi. Juma hili napenda kuwaongezea swali la tatu. Atafundishwa kuzitengeneza kwa njia ipi?

Njia ya kwanza ni kuiandika programu kwa lugha za simu yenyewe: Kotlin au Java kwa Android, Swift kwa iPhone. Hilo ni gauni lililoshonwa kwa kipimo cha mvaaji. Njia ya pili ni kutumia lugha zinazotengenezea kurasa za intaneti, yaani HTML, CSS na JavaScript, kisha kurasa hizo zikavishwa ganda jembamba ili zifunguke kama programu nyingine yoyote. Hiyo ni kanga: moja yamfaa mwembamba na mnene.

Wanaoisifu kanga husema fundi huandika mara moja, kazi yake ikaingia katika Android na iPhone pia. Ni kweli, lakini kwa Nakivale sifa hiyo haina uzito, maana simu nyingi za huko ni Android za bei nafuu. Faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba ujuzi huo humpatia kijana kazi ya tovuti vilevile. Nami niliyepitia chuo cha ualimu napenda jambo jingine: mwanafunzi huona ukurasa wake wa kwanza ukifunguka siku ileile, akapata moyo.

Kasoro nayo ipo. Simu yenye kumbukumbu ndogo hulemewa na kurasa hizo. Facebook yenyewe mwaka 2012 iliiacha njia hiyo katika programu yake ya iPhone, ikaiandika upya kwa lugha ya simu.

Linalonigusa zaidi ni taarifa za watu. Mashirika mengi ya misaada hukusanya takwimu kwa KoboToolbox, ambayo fomu yake moja hujazwa kwa njia mbili. Mkusanyaji anayezunguka nyumba kwa nyumba, tuseme kutoka Base Camp hadi Juru au Rubondo, aweza kutumia KoboCollect, programu iliyoandikwa mahususi kwa Android. Karani aliye ofisini Mbarara aweza kuijaza fomu hiyohiyo katika kivinjari. Zote mbili huhifadhi majibu mpaka mtandao upatikane. Lakini majibu ya kivinjari hukaa pamoja na mabaki ya tovuti nyingine. Mtu akivisafisha vyote ili apate nafasi ya picha, fomu ambazo hazijatumwa hupotea papo hapo. Na simu ya familia nzima husafishwa na yeyote. Mama aliyesimama nusu saa akitaja watoto wake na maradhi yao, ama ataulizwa upya, ama hatahesabiwa.

Isidhaniwe kwamba kanga haifai kwa kazi nzito. Nchini Kenya, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa simu mwaka 2023 zenye mfumo wa eCHIS. Mfumo huo umejengwa kwa lugha za intaneti ndani ya ganda la Android, na hufanya kazi hata pasipo mtandao, kwa kuwa mafundi wake waliupanga hivyo tangu mwanzo.

Kwa maoni yangu, kijana aanze na kanga. Akitaka baadaye kazi ya kukusanya habari za watu mashambani, basi gauni nalo alijue. Mzazi anayefika Mbarara kukagua chuo aombe kuoneshwa programu ya wanafunzi katika simu ya bei nafuu. Azime data, ajaze jina na umri wake, aizime simu kabisa, aiwashe tena, kisha atazame kama jina lake bado lipo.